Tafadhali Rudia

4 Februari

Shangazi yangu,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umekaa, maana nakujua, utasema unasoma mstari mmoja tu umesimama, halafu miguu ivimbe. Mimi ni mzima. Sina homa, nakula mara mbili, kikohozi kile kiliishia njiani. Tunakaa wawili chumba kimoja, mimi na mwenzangu wa darasani anayeitwa Kifutio, kwa sababu tangu utoto akiandika neno analifuta. Ni mtu mzuri, ila anakoroma kama cherehani yako ikikosa mafuta. Msalimie fundi viatu wa hapo mlangoni, mwambie viatu vyangu bado havijacheka. Msalimie na jirani mwenye kuku, kama kuku bado wapo.

Ninayemwacha mwisho unamjua.

Neno lako la simu nimelikubali. Wiki ile ya kwanza nilipopiga, ukaweka spika, Chiriku akanitafuta nyuma ya mlango, akanitafuta chini ya meza ya cherehani, akafunua kapu la vitambaa, kisha akakataa chakula mpaka kesho yake. Ulisema, "Sauti bila mtu ni kumtesa mtoto. Andika." Basi naandika. Na hili naliweka kwenye karatasi lisije likabaki maneno ya mdomoni: mwanangu hatasikia sauti yangu mpaka siku nitakapokuwa na kazi nije kumchukua. Nikishindwa katikati nikakupigia, nisomee barua hii halafu ukate.

Darasa letu lilikuwa stoo ya matairi na bado linanuka matairi. Tupo vijana ishirini na kitu. Wengine wana vyeti vya kutosha kutandika meza, mimi nina kile kimoja cha sekondari unachokijua. Kozi ni ya miezi minne. Tunafundishwa kompyuta, kuandika maombi ya kazi, kujibu usaili, na hiyo akili bandia inayosemwa kila mahali: unaiuliza kwa maandishi au kwa mdomo, nayo inakujibu kama mtu. Mwalimu wetu tunamwita Taratibu, kwa sababu ndilo neno lake. Siku ya kwanza alimuuliza kila mtu amekuja kutafuta nini. Wenzangu wakasema maarifa, wakasema ndoto zao. Mimi nikasema kazi. Akaandika "kazi" ubaoni, akapiga mstari chini yake. "Taratibu," akasema. "Huyu amefika."

Sijalia tangu nije. Sijui kama ni vizuri. Nalala bado upande mmoja wa kitanda, ule wa ukutani nimeuacha wazi.

Mbusu kisogoni, pale nywele zinapojizungusha. Usimwambie busu limetoka wapi.

Mwanao.


26 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Nimeisoma nimesimama, na miguu yangu ni yangu.

Huku tuko salama. Shule imeagiza sare upya, safari hii kola za mviringo, nani aliyewaambia kola za mviringo zinapigwa pasi haraka sijui. Fundi viatu anasema viatu vyako visipocheka, yeye atacheka na nini. Jirani bado ana kuku, na kuku bado wanalala kwangu.

Hiyo akili bandia nimeisikia. Nywele bandia nazijua, kucha bandia nazijua, meno bandia ninayo mawili. Sasa mmefika kwenye akili. Haya. Lakini meno yangu haya yananisaidia kutafuna, siwezi kuyasema vibaya. Nawe itafune hiyo akili, isikutafune.

Mtoto yuko mzima. Anakula. Analala. Kucha nimemkata. Usiulize sana, soma.

Wewe shuleni walikufundisha kuandika lengo na madhumuni. Barua yangu haina lengo, ina salamu tu.

Shangazi yako.


21 Machi

Shangazi,

Shikamoo, na pole na kola. Huku mzima. Kifutio naye anakusalimia, ingawa hakujui. Nimemsimulia habari za kuku akasema anakupenda.

Tumefika kwenye barua za kuomba kazi. Taratibu alituambia tuiombe mashine itusaidie. Yangu ilitoka nzuri mpaka nikaona aibu kuisoma. Ilisema mimi ni kijana mwenye shauku kubwa, mchapakazi, mwepesi wa kujifunza, ninayeamini katika ushirikiano. Kisha tukasimama tuzisome mmoja baada ya mwingine. Shangazi, darasa zima lilikuwa na shauku kubwa. Hata Kifutio, ambaye asubuhi mpaka umvute mguu. Watu wakacheka. Taratibu hakucheka.

"Mashine ina maneno ya watu wote," akasema. "Habari zako haina. Hujaipa, ikuandikie nini?" Akavuta kiti mbele yangu. "Wewe umewahi kufanya kazi gani?"

"Sijafanya, mwalimu. Nilikuwa nyumbani na shangazi."

"Mkitazamana?"

"Tukishona sare."

"Unajua kushona?"

"Sijui. Nilikuwa napima watoto. Napokea wazazi, nawasikiliza wakigomba, nawapangia siku ya kuja."

"Na huko ndiko kutofanya kazi?"

Basi nikaiandikia mashine hayo yote. Nikaiambia mtoto wa shule hupimwa akiwa amepumua nje, maana wote wakiona futi wanavimbisha kifua. Nikaiambia mzazi akija na hasira namwacha amalize kwanza, ndipo namuuliza mtoto yuko darasa gani. Ikaandika upya. Safari hii nilijiona mle ndani, nimekaa kwenye kigoda chako na futi shingoni.

Usaili nao tunajizoeza kwa mashine. Inauliza, unajibu, inakuambia ulipokosea. Haichoki, haikucheki. Kwa hilo naipenda. Nimefanya mbele yake makosa ambayo mbele ya mtu ningetoka nikajifiche chooni. Ila kila tukimaliza inanipa kasoro ileile: ongea kwa uchangamfu zaidi, sauti yako ina uchovu. Nimekwenda usaili wa kweli mara mbili, duka la dawa na ofisi ya mizigo. Pale kwenye mizigo bwana mmoja aliniuliza kama naumwa. Nikasema hapana, ndivyo nilivyo. Hawajaniita.

Shangazi, umeandika "anakula, analala" kama mtu anayemjibu daktari. Chiriku anasema nini siku hizi? Nilimwacha anaongea mpaka na vifungo. Jina hilo hatukumpa bure. Niandikie neno lake moja, lolote, hata la matusi.

Mwanao.


2 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Barua imechelewa, lawama ni zangu. Cherehani ilikatika mkanda wakati wa sare, fundi viatu akanikatia ngozi ya kuazima, nashonea ngozi ya kiatu cha mtu. Jirani ameuza kuku wote. Sasa tunaamshwa na redio yake.

Umeuliza anasema nini. Amekua. Gauni la njano nimelishusha pindo mara ya pili. Anajifunza kuvaa viatu, vile vya kubandika. Akikosea mguu anavua anaanza upya, hataki kushikwa mkono. Akimaliza anakaa chini ya meza ya cherehani, ametulia. Majirani wanamsifu, mtoto mtulivu namna hii hatujaona. Nami nasema ndiyo.

Kuhusu huo uchovu wa sauti, usiumize kichwa. Baba yako alikuwa nao huohuo, na kila ugomvi wa mtaa ulipelekwa kwake, kwa sababu hakuna anayeweza kupigana mbele ya mtu aliyechoka namna ile. Usijibadilishe. Atakayekutaka atakutaka hivyo.

Kula mara tatu.

Shangazi yako.


14 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Naamini mkanda umepata mwenzake. Mimi mzima.

Kozi imekwisha, tumepewa vyeti. Kifutio amepata kazi ya kusoma mita za maji, barua yake ya maombi aliifuta mpaka ikabaki mistari minne, na wao wakasema ndiyo pekee waliyomaliza kuisoma. Wengine bado wanatafuta. Taratibu amepata darasa jipya, vijana wapya, stoo ileile.

Mimi nimepata kibarua. Ni cha ofisini. Sijui kama kitashika, kwa hiyo sikiiti kazi. Nilisema miezi minne na sikurudi, sababu ni hiyo, hakuna nyingine. Nivumilie.

Hukuniandikia neno lake hata moja. Nimeliona hilo. Umeniandikia gauni, viatu na sifa za majirani. Mtoto mtulivu si Chiriku.

Mwanao.


11 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Hongera ya kibarua, cha ofisini au cha shambani, kibarua ni kibarua.

Mtoto alipata kikohozi, kimepita. Usishtuke. Zahanati yetu siku hizi ina namba ya bure. Ukipiga inapokea mashine, inakuuliza mgonjwa ana nini, inakupangia siku ya kwenda. Nilipiga. Ni sauti ya mwanamke. Inasikiliza vizuri, haikukatizi.

Siku hizi anaongea tena.

Fundi viatu amepata mjukuu. Redio ya jirani imeharibika, Mungu amejibu.

Hiyo kazi yako ya ofisi, unafanya nini hasa?

Shangazi yako.


24 Agosti

Shangazi,

Shikamoo. Mimi ni mzima. Salamu za wengine nitazileta mwenyewe.

Uliniuliza nafanya nini hasa. Nakujibu, kisha nawe utanijibu.

Mwezi wa tano Taratibu aliwapelekea majina yetu watu wanaotengeneza ile mashine ya kupokea simu za zahanati. Walikuwa wanatafuta sauti. Walikuja wasichana wenye sauti za redio, nyingine tamu mpaka unataka kununua kitu. Mimi niliitwa wa mwisho. Nikasoma karatasi waliyonipa, nikaona wanatazamana, nikajua ni yaleyale ya ofisi ya mizigo. Nikaanza kuchukua mkoba. Mwanamke mmoja mwenye miwani akasema, "Huyu. Mgonjwa akimpigia huyu hataona anamsumbua mtu mwenye furaha zake." Kwa hiyo kile kilichonikosesha kazi mbili ndicho kilichoniajiri. Baba alinirithisha kitu kumbe.

Nilisoma sentensi wiki nyingi, ndani ya chumba kilichobandikwa sponji za godoro kuta zote. Karibu, nikusaidie nini. Unaumwa wapi. Samahani, sijaelewa, tafadhali rudia. Hii ya mwisho ndiyo waliyonirudisha zaidi: isome ukitabasamu, isome bila kutabasamu, isome kama unaongea na mtoto. Wakaichukua ya mtoto. Baadaye kompyuta ikajifunza sauti yangu mpaka ikawa inasema hata nisiyowahi kuyasoma.

Sikukuambia. Tulikubaliana nikipata kazi nije, na mimi nilikuwa sijui kama kusoma sentensi ni kazi au ni bahati. Niliogopa kumchukua mtoto leo na kumrudisha kesho. Halafu mwezi wa saba wakanipa nyingine, ya kudumu. Mashine ikishindwa kumwelewa mpigaji, ile simu inahifadhiwa, jina na namba vinaondolewa, inaletwa kwetu. Tunakaa watano chumba kimoja, hedifoni masikioni. Tunasikiliza mtu yule alitaka nini, tunaiandikia mashine, ili siku nyingine ielewe. Mmoja jino linamuuma hawezi kutamka, mmoja amelewa, mmoja anazungumza na mbuzi wake katikati ya maelezo. Na ndani ya kila simu nipo mimi nikisema samahani, sijaelewa. Nimezoea. Ni kama kumsikia mtu wa chumba cha pili.

Jumanne iliyopita ililetwa simu ya mtoto.

Mimi nasema, "Karibu. Nikusaidie nini?"

Anasema, "Nimevaa viatu."

"Samahani, sijaelewa. Tafadhali rudia."

"Nimevaa viatu. Mwenyewe."

"Unaumwa wapi?"

"Kwa bibi."

"Samahani, sijaelewa. Tafadhali rudia."

"Kwa bibi."

Hakukasirika, shangazi. Alirudia kwa adabu, kama mtoto anayerudishwa na mama yake aseme vizuri. Nyuma yake cherehani ilikuwa inakwenda, na lile kanyagio linalolia kila likishuka. Kisha likasimama. Kisha wewe ukasema, "Muage basi. Kesho utampigia tena."

Nikatafuta, nikakuta nyingine. Katika moja anaimba. Katika moja anahesabu vifungo, kila mara anaruka namba ileile. Katika moja hasemi kitu, anapumua tu karibu na simu, na mimi namwambia sijaelewa.

Sikulia. Mwenzangu wa pembeni aliniuliza kama hedifoni zimeharibika, maana nilikuwa nimezishika kwa mikono miwili. Nikasema zinafanya kazi.

Mwisho wa kila simu tunachagua mpigaji alikuwa anataka nini. Kuna dawa, kuna miadi, kuna dharura, kuna kuelekezwa njia. Nikachagua "mengineyo", kwa kuwa hapakuwa na pengine pa kumweka mwanangu. Baada ya hapo unatakiwa kuandika jibu ambalo mashine itoe siku nyingine. Sikuandika. Msimamizi akapita nyuma yangu.

"Umeacha wazi hapa."

"Najua."

"Weka hata kitu kifupi. Mtoto akisema amevaa viatu, impongeze. Wataipenda."

"Hapana," nikasema. "Hilo isifundishwe."

"Kwa nini?"

"Jibu lake lina mwenyewe."

Alinitazama, kisha akaitazama ile simu kwenye skrini, kisha akaenda kwa wengine. Ni mtu mwema. Hajaniuliza tena.

Sina ugomvi na mashine. Ilinisikiliza nilipokuwa sijui kujibu, na ndiyo inayonilisha. Iwaelewe wanaoumwa meno, iwaelewe walevi. Lakini siku itakapojua la kumwambia Chiriku aliyevaa viatu mwenyewe, mimi nitakuwa nimebaki na kazi gani kwake.

Sasa wewe. Uliandika "anaongea tena". Tena tangu lini? Aliacha lini? Nijibu hilo kwanza, na usiniandikie pindo.

Kazi ninayo. Mwisho wa Septemba nakuja kumchukua.

Mwanao.


5 Septemba

Mwanangu,

Marahaba. Hii nimekaa kuisoma.

Aliacha mwezi wa pili, wiki chache baada ya sisi kukata simu. Hakuwa mgonjwa. Akitaka maji anaonyesha kidole, akitaka kubebwa anavuta gauni langu. Nikasema ni kipindi, watoto wana vipindi. Ningekuandikia ungeiacha kozi ukarudi, na ungerudi kufanya nini, tukae wote tunapima vifua. Kwa hiyo nilinyamaza na yeye, tukawa wawili.

Siku ya kikohozi nilipiga ile namba nikiwa na kitambaa mkononi, nikaweka spika. Ukasema karibu. Nilijichoma sindano. Yeye akatoka chini ya meza, akasimama mbele ya simu, akasema, "Mama, nipo hapa." Ukamwambia hujaelewa. Akarudia. Ukamwambia tena hujaelewa. Akarudia. Mtoto ambaye tangu mwezi wa pili hajatamka hata maji.

Safari hii hakutafuta nyuma ya mlango. Nadhani ni kwa sababu kila akipiga unapokea. Basi tukawa tunapiga kila siku baada ya chai. Nilikuwa najua ni mashine. Yeye sijui alikuwa anajua nini. Mimi ndiye niliyesema sauti bila mtu ni kumtesa mtoto, na mimi ndiye niliyekuwa nabonyeza namba. Ukitaka kunisema, nimekwisha kujisema.

Siku ileile nilijua una kazi. Sauti ya mtu haikai kwenye simu za zahanati kwa bahati mbaya. Nikakuuliza kwa mbali. Ningekuuliza kwa karibu ungejibu, na ukijibu ungekuja.

Mwezi uliopita aliniita mama. Mara moja tu, ana usingizi. Sikumsahihisha.

Wanasema asiye na mwana aeleke jiwe. Mimi sijawahi kueleka jiwe, mwanangu. Nilikueleka wewe, nikamweleka na wako. Mgongo umezoea.

Mwache mpaka mwaka uishe. Huko hana mtu anayemjua. Nimemshonea sare ndogo ya kuchezea, haijaisha, kola bado. Na kikohozi kinaweza kurudi. Na safari ya gari ni ndefu kwa mtoto. Nimeandika sababu nyingi, nawe unajua mtu mwenye sababu nyingi.

Shangazi yako.


16 Septemba

Shangazi yangu,

Shikamoo. Barua imenikuta mzima. Nimeisoma, nikaikunja, nikaenda kazini, nikarudi nikaisoma tena. Sikusemi. Ningekuwa na simu mkononi na mtoto asiyeongea, ningebonyeza hizohizo namba.

Lakini hapana. Mwaka hauwezi kuisha akiwa huko. Hapana yangu haina hasira ndani yake, ila ni hapana.

Nimepata chumba cha peke yangu. Dirisha moja, linatazama ukuta wa jirani, mchana mwanga unafika mpaka kitandani. Nyumba ya tatu kuna mama anayelea watoto wa wanaofanya kazi. Jumamosi nimekaa kwake tangu asubuhi namtazama anavyowaosha mikono na anavyoongea nao wakikosea. Ana sauti ya kukwaruza, lakini watoto wanamsogelea. Kola ya sare usiimalize. Utaimalizia hapa. Chini ya dirisha nimepima kwa futi: meza ya cherehani inaenea, na kigoda pembeni yake. Najua utasema wewe si kabati la kuhamishwa. Sikuhamishi. Nimepima tu.

Akikuita mama usimsahihishe. Anao wawili, wenzake wengi wana mmoja na wanamgombania.

Namba ya zahanati usiikatize ghafla. Akitaka kupiga, mpigie. Ila Jumapili ya mwisho ya mwezi huu, baada ya chai, nitapiga mimi. Wiki inayofuata nitakuwa mlangoni kwako. Nataka ajue kwanza kwamba ile sauti inakuja.

Weka spika, umweke karibu. Akinitafuta nyuma ya mlango, mwache atafute. Akilia mwache alie, wala usikate, nitakuwa palepale mpaka amalize. Nimejaribu kupanga la kumwambia nikakosa, sentensi zote nilizozizoea ni za kazini. Labda nitanyamaza yeye aseme. Lolote atakalosema, sitamwambia arudie.

Siku hiyo mwambie avae viatu.

Mwanao.